MAJI YANAYOVUJA NA BILI TUNAYOLIPA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Leo hatukuja kuzungumza habari za mshahara wala saa za kazi. Twataka kusema juu ya fedha ambazo zimekwisha kuingia nyumbani, kisha zikatoka kwa njia ya bomba bila mtu kuziona. Tukigombania nyongeza mbele ya mwajiri, halafu nyongeza hiyo ikamwagika chini ya ardhi, faida yetu ni nini?

Tuanze na hesabu. Maji huuzwa kwa yuniti, na yuniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Mfereji ukidondoka hata kujaza chupa ya lita moja kwa dakika 10, hizo ni lita 6 kwa saa, lita 144 kwa siku, na lita 4,320 kwa mwezi wa siku 30. Mitungi 216! Tena, katika miji yetu mingi bei ya yuniti hupanda kadiri maji yanavyozidi, na nyumba iliyoungwa na bomba la maji machafu hutozwa ada hiyo kwa kipimo cha maji yaliyopita kwenye mita. Basi maji yaliyovuja hulipiwa mara mbili. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa kibaba si chetu.

Shahidi wetu ni mita. Kila mmoja ajifunze kuisoma. Katika mita nyingi tarakimu nyeusi huhesabu yuniti, na zile nyekundu huhesabu sehemu ya yuniti. Fanyeni hivi:

1. Usiku, maji yakiwapo na tangi likiwa limejaa, fungeni mifereji yote. Andikeni tarakimu zote. Asubuhi, kabla mtu hajatumia maji, someni tena. Zikiwa zimesogea, maji yanavuja mahali.

2. Fungeni koki iliyo karibu na mita, upande wa nyumba. Mita ikisimama, uvujaji uko mbele ya koki, kwenye bomba la kwenda nyumbani au ndani ya nyumba. Ikiendelea kuzunguka, uko kati ya mita na koki, au koki yenyewe haifungi sawasawa.

3. Choo cha kuvuta maji ndicho mwizi asiyepiga kelele. Tieni bluu ya kufulia katika tangi lake, msikivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, raba ya ndani imekwisha.

4. Tazameni boya la tangi la juu kama linafunga, na ardhi ilipopita bomba. Majani mabichi wakati wa kiangazi yana habari ya kutuambia.

Sasa habari ya bili. Tusidanganyane: kwa kawaida maji yakiisha kupita kwenye mita huhesabiwa kuwa ni ya mteja, na kuyapunguza ni jambo la kuombwa kwa hoja. Kwa hiyo msiende kaunta kupiga kelele mikono mitupu. Kwanza linganisheni namba ya mita na tarakimu za bili na mita yenyewe. Huenda msomaji hakufika, akaandika makadirio. Pili, tengenezeni palipovuja na mtunze risiti ya fundi na picha. Tatu, andikeni barua. Tajeni namba ya akaunti, bili za miezi iliyopita, tarehe ya kugundua na ya kutengeneza. Ombeni mita ipimwe kama mna shaka nayo. Ombeni kupunguziwa, hasa ada ya maji machafu kwa maji yaliyoingia ardhini. Ombeni kulipa kidogo kidogo, na maji yasikatwe shauri likiwa linaangaliwa. Nakala ipigwe muhuri, mkae nayo.

Mkikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na kifungu cha 47 chataka maamuzi ya utawala yawe ya haki. Msiporidhika, pelekeni barua zote kwa bodi ya kusimamia huduma za maji, WASREB, iliyowekwa na Sheria ya Maji ya 2016. Ripoti za bodi hiyo za miaka ya karibuni zaonyesha kwamba zaidi ya 40 kwa mia ya maji ya kampuni hayaleti malipo, kwa kuvuja, kuibwa na mita mbovu. Basi hakuna aibu mfanyakazi kusema kwamba bomba lake limevuja.

Lakini wengi wetu ni wapangaji, vyumba kumi kwa mita moja, na akaunti ni ya mwenye nyumba. Choo kimoja kikivuja, wote hulipa. Na mpangaji mmoja akilalamika, huambiwa ahame. Hapo ndipo twapaswa kukumbuka tuliyojifunza kazini. Chagueni mtu mmoja asome mita kila Jumapili na kuandika katika daftari, mbele ya wenzake. Mkiona tarakimu zimeruka, nendeni kwa mwenye nyumba pamoja, na daftari mkononi, mtake atengeneze bomba na aandike barua kwa kampuni. Mtu mmoja hufukuzwa. Vyumba kumi husikilizwa.

Anzeni usiku wa leo. Umoja ni nguvu.