Kuchagua Msimu wa Safari ya Bahari Kisiwani Mafia

Mazungumzo na watumiaji wa huduma za usafiri na utalii wa baharini, Kilindoni



Miongoni mwa maswali yanayoletwa kwetu na watu wanaojiandaa kuja katika kisiwa hiki, lipo moja linalotangulia mengine yote: “Twende Mafia mwezi gani?” Swali hili ni fupi, na kila muuza safari ana jibu lake tayari. Sisi tunaomba tulijibu kwa utaratibu zaidi, kwa sababu anayelikosea hupoteza fedha, na wakati mwingine huhatarisha kisichoweza kurudishwa kwa fedha.

Anga kavu na bahari tulivu

Kosa linalotokea mara nyingi ni kuchagua mwezi kwa kutazama mvua peke yake. Msafiri husikia kwamba Juni hadi Septemba ni kiangazi, joto ni la wastani, na watoto wana likizo ya katikati ya mwaka. Hulipia safari kwa moyo mkunjufu. Afikapo Nyamisati, au ufukweni Utende, hukuta anga la buluu lisilo na wingu, na chini yake bahari iliyochafuka. Hapo huhisi kuwa amedanganywa. Pengine hakudanganywa na mtu. Aliuliza habari za mbingu akasahau kuuliza habari za maji.

Miezi hiyo ndiyo miezi ya Kusi, upepo unaovuma kutoka kusini mashariki, nao unaweza kuvuma siku nyingi mfululizo bila tone la mvua. Jambo hili si la kwetu pekee. Katika visiwa vya Ugiriki, Julai na Agosti ni miezi ya jua kali na wageni wengi, na ndiyo miezi ambayo upepo wao uitwao meltemi hufikia kilele, hata meli zikazuiliwa bandarini. Basi, popote palipo na visiwa, anga na bahari huulizwa kila moja peke yake.

Tunakumbushana kwa huzuni kwamba MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, siku ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Ulikuwa mwezi wa kiangazi.

Mwaka wa baharini

Wazee wetu waliugawa mwaka kwa pepo, na mgawanyo wao unafaa hadi leo.

Kaskazi huvuma takribani Desemba hadi Machi, ukitoka kaskazini mashariki. Joto ni kali na maji mara nyingi ni maangavu. Huu ndio wakati ambao wazamiaji hupata nafasi ya kutoka nje ya Ghuba ya Chole na kufika kwenye miamba inayoelekea bahari kuu, jambo ambalo wakati wa Kusi kwa kawaida haliwezekani. Hata hivyo Kaskazi nao una siku zake za nguvu, hasa Januari, kwa hiyo asidhani mtu kuwa Kaskazi ni jina lingine la shwari.

Masika hushika kuanzia katikati ya Machi hadi Mei. Mvua ni nyingi, barabara za kisiwani huharibika, na baadhi ya hoteli hufunga. Matangazo ya bei ya chini huwa mengi katika miezi hii. Kwa mtu anayetaka kupumzika, kusoma na kusikiliza mvua juu ya makuti, bei hiyo ni halali. Kwa mtu aliyekuja kwa ajili ya bahari, rahisi hiyo huishia kuwa ghali. Tusisahau pia kwamba Kimbunga Hidaya kilifika katika maeneo ya Mafia tarehe 4 Mei 2024. Vimbunga ni nadra katika pwani yetu, lakini mwaka ule tulifundishwa kwamba nadra si sawa na kamwe.

Kusi hutawala kuanzia Juni hadi Septemba. Ndani ya Ghuba ya Chole, ambayo imekingwa na miamba pamoja na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, safari fupi huendelea. Katika mlango wa bahari ulio kati ya kisiwa na bara, hali hubadilika siku kwa siku. Asubuhi mara nyingi huwa na nafuu kuliko alasiri.

Demani ni mwisho wa Kusi, upepo unapochoka, nayo hutufikisha kwenye tanga mbili, kipindi cha mpito kabla ya Kaskazi kushika. Mvua za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, lakini kwa kawaida huja kwa vipindi na kuacha nafasi ya jua.

Mkitutaka tutaje miezi, basi tunataja: kuanzia katikati ya Oktoba hadi Novemba, na tena Februari hadi mapema Machi. Ndivyo vipindi ambavyo msafiri wa kawaida, mwenye watoto au wazee, ana matumaini makubwa zaidi ya kuikuta bahari ikiwa na subira. Tumesema matumaini, hatukusema hakikisho. Bahari haiishi zinge.

Unakwenda kuona nini?

Mwezi ulio bora kwa mmoja huweza kuwa mbaya kwa mwingine. Anayetaka kumwona papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, aje kati ya Oktoba na Machi, ambapo samaki hao hukaribia pwani ya magharibi, jirani na hapa Kilindoni, wakifuata chakula chao kidogo kidogo kinachoelea majini. Anayetaka kushuhudia vifaranga vya kasa wakitambaa kuelekea majini huko Juani, aje kati ya Juni na Septemba, akubali na upepo wake. Nyangumi hupita takribani Agosti hadi Oktoba.

Hapa tunatoa tahadhari. Watafiti waliowafuatilia potwe wa Mafia kwa vifaa vya kunasa sauti walibaini kwamba wengi wao hawahami msimu unapokwisha. Husogea mbali kidogo na pwani na kwenda kwenye kina zaidi. Kwa hiyo, anayekuuzia potwe wa Julai anauza samaki aliyepo usiyeweza kumwona. Na hata ndani ya msimu, hakuna nahodha mwenye ahadi na samaki. Ukiambiwa “lazima utamwona”, uliza: nisipomwona, fedha yangu inakuwaje? Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji wa bidhaa na huduma, nayo safari ya kitalii ni huduma kama nyingine.

Mwezi wa angani nao huhesabiwa

Wageni wengi husahau kwamba ndani ya kila msimu kuna bamvua na maji mafu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya vipindi hivyo, tofauti hupungua. Hapa Mafia jambo hili hupanga siku nzima. Maji yakipwa, mashua ya Utende huweza kukaa juu ya mchanga. Safari ya kwenda kwenye magofu ya Kua hupangwa kwa kufuata maji yanayojaa. Na mikondo katika milango ya ghuba huwa na nguvu zaidi wakati wa bamvua. Isitoshe, upepo ukipingana na mkondo, mawimbi husimama wima, na bahari iliyokuwa ya kuvumilika asubuhi hugeuka adhuhuri.

Kwa hiyo, ukiambiwa kwamba safari itaanza saa kumi na moja alfajiri, usidhani kuwa unasumbuliwa. Saa hiyo mara nyingi imechaguliwa na maji.

Siku ya akiba

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha mazungumzo yetu.

Chukulieni mfano wa mzazi aliyepata ruhusa ya siku tatu kazini. Amelipa chombo, amelipa malazi, watoto wamekwisha kuvaa kofia zao. Nahodha anatazama nje, anatikisa kichwa, anasema: “Leo hapana.” Mzazi anahesabu kichwani: kesho ni siku ya kurudi, fedha imekwenda, watoto wanalia. Anaanza kubembeleza, kisha anaanza kudai. Naye nahodha ana hesabu zake: mafuta yamenunuliwa, mabaharia wanangoja ujira, na asiposafiri leo nyumbani hakuna kitu. Watu wawili wenye akili timamu wanasogea pamoja, hatua kwa hatua, kuelekea uamuzi ambao kila mmoja peke yake asingeufanya.

Ndugu zetu, hatari kubwa ya safari za bahari huanzia hapo ufukweni, kabla nanga haijang’olewa. Dawa yake si ushujaa. Dawa ni makubaliano yaliyofanywa mapema, siku ambayo hakuna mwenye haraka.

Kwanza, weka siku ya akiba. Ukiwa na siku tatu, panga safari ya bahari siku ya kwanza, ili ya pili ibaki wazi. Usiipange siku ya mwisho. Asiyeweza kupata siku ya ziada na achague miezi tulivu tuliyoitaja, au aje kwa ndege ndogo na kubakiza safari fupi za ndani ya ghuba.

Pili, kabla ya kulipa, kubalianeni kwa maandishi nini kitatokea bahari ikikataa. Je, safari itasogezwa? Fedha itarudishwa yote, au sehemu, na ndani ya siku ngapi? Nani mwenye kauli ya mwisho? Jibu la swali hilo la mwisho liwe moja tu: nahodha. Ujumbe wa simu unaotaja mambo haya ni bora kuliko neno tamu la mdomoni. Uhifadhi.

Tatu, lipa malipo ya awali kiasi kidogo kadiri inavyokubalika, na udai risiti. Ada ya kuingia katika Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ni malipo ya peke yake. Uliza kama imo ndani ya bei uliyotajiwa au la, ili usiidaiwe mara ya pili.

Tukifanya hivyo, nahodha anapata uhuru wa kusema hapana bila kupoteza mteja, na msafiri anapata uhuru wa kukubali bila kupoteza fedha zake.

Siku ya kuondoka

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri kila siku, pamoja na tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa kwa mwambao wote, Mafia ikiwemo. Usikilize jioni ya kuamkia safari, na tena asubuhi. Ukisikia tahadhari ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, elewa kwamba chombo kidogo hakina kazi huko nje.

Ukifika ufukweni, tazama chombo kabla ya kukitazama kisiwa. Kina cheti cha ukaguzi kutoka TASAC kinachoonyesha idadi ya abiria? Je, majina yenu yameandikwa? Jaketi la kuokolea maisha lipo kwa kila mtu, likiwemo la kipimo cha mtoto, na limevaliwa au limefungiwa stoo? Hesabu watu. MV Spice Islander, iliyozama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake. Ukiona chombo kimejaa, shuka. Aibu ya kushuka ni ya dakika tano.

Mkikuta chombo kisichotimiza masharti haya, toeni taarifa kwa TASAC au kwa uongozi wa bandari, na mkiwa na madai ya fedha, leteni risiti na ujumbe mliohifadhi. Malalamiko yenye maandishi husikilizwa upesi kuliko yenye hasira.

Tunamaliza

Tumeulizwa mwezi, nasi tumetaja miezi. Lakini mtu aliyekuja Novemba bila siku ya akiba yumo hatarini kuliko aliyekuja Agosti akiwa na subira na makubaliano mazuri. Msimu humpa msafiri nafasi nzuri. Nafasi hiyo huhifadhiwa na uamuzi wake. Basi siku nahodha atakapotikisa kichwa na kusema hapana, msimnung’unikie. Mshukuruni, mrudi mkale samaki Kilindoni, na mngoje kesho. Wahenga walisema kutangulia si kufika.

Tunawatakia safari njema, na kurudi salama.