Kutafuta Makopo Juu ya Mont Royal



Nimeombwa niseme machache juu ya maisha ya Kanada. Habari za baridi mmekwisha kuzisikia vya kutosha. Mimi nitasema juu ya mchezo ninaoucheza Jumamosi, theluji ikisha kuyeyuka: mchezo wa kutafuta vitu vilivyofichwa kwa msaada wa setilaiti, uitwao jiokashi.

Umri wake si mkubwa. Mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kupunguza kwa makusudi usahihi wa GPS kwa raia, ambao hadi hapo waliweza kukosea mahali kwa mita 100. Siku chache tu baadaye mtu mmoja, Dave Ulmer, alificha ndoo katika msitu wa jimbo la Oregon, akatangaza latitudo na longitudo yake, na watu wakaifuata wakaiona. Kanuni ni chache. Unaandika jina na tarehe katika daftari lililomo. Ukichukua kitu unaacha kingine chenye thamani ile ile au zaidi. Kopo unalirudisha palepale. Hairuhusiwi kulizika, wala kutia chakula ndani, kwani wanyama wana pua kutushinda.

Sasa huo mlima. Mont Royal uko katikati ya mji wa Montreal, na kilele chake kina mita 233. Nanyi mliokulia chini ya Kilimanjaro mnacheka, nawaona. Lakini Jacques Cartier alipoupanda mwaka 1535 aliona kuwa unastahili jina la kifalme, na mwaka 1876 ulifunguliwa kuwa bustani ya watu wote, kwa mchoro wa Frederick Law Olmsted, mmoja wa waliochora Central Park ya New York. Liko baraza la kutazamia mji na mto Saint Lawrence, lenye jina la Kondiaronk, mkuu wa Wawendat, aliyefariki Agosti 1701 siku chache tu kabla ya kutiwa sahihi amani aliyoipigania, baina ya Wafaransa na karibu mataifa 40 ya wenyeji. Wageni hufika pale, hupiga picha, hushuka. Mtafuta makopo hawezi kufanya hivyo, kwa sababu yako makopo ambayo namba zake hazikamiliki mpaka usome kibao cha ukumbusho au uhesabu ngazi.

Hapa naomba Mwalimu wa Jiografia anisikilize. Dakika moja ya latitudo ni mita 1,852. Sehemu yake moja ya elfu haifiki mita mbili. Longitudo ndiyo yenye kitendawili: kule Montreal, nyuzi 45 na nusu Kaskazini, dakika moja ya longitudo ni kama mita 1,300 tu, bali hapa petu karibu na Ikweta inakaribia kulingana na ile ya latitudo. Somo hilo tulilikariri darasani. Mimi nililielewa kwa miguu. Na kifaa kikisha kukufikisha, hukosea bado mita kadhaa, hasa chini ya miti. Basi unakitia mfukoni, unaanza kutumia macho: jiwe gani limekaa vibaya, shina gani lina tundu?

Mjukuu wangu kazaliwa kule, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Lakini katika madaftari ya mlima ule ndiye mwandishi wetu, na huandika kwa Kiswahili: “Tumefika, mimi na babu.” Wanaofuata husoma, nadhani hushangaa.

Upo upande ambao sitauficha. Katika miaka ya 1950 miti mingi ya Mont Royal ilikatwa kwa amri ya mji, ikidhaniwa kwamba vichaka vinaficha maovu. Mvua ikachukua udongo, ikabidi kupanda upya. Mlima wa namna hiyo hauvumilii watu mia wanaokatisha msituni kutafuta kopo moja. Kwa hiyo mfichaji mwema huomba ruhusa kwa wenye ardhi, na huficha karibu na njia.

Nasema hivi kwa kuwa nataka kilima kilicho nyuma ya mabweni kiwe na kopo lake. Mwalimu Mkuu amekubali kwa sharti moja, miche ya mwaka jana isikanyagwe. Kipokezi kimoja cha GPS nimekiacha ofisini kwake, pamoja na betri na daftari lenye jalada gumu. Mahali pa kuficha mtachagua ninyi vijana, wala msiniambie. Nitakuwapo hapa hadi Jumatano, na Jumanne asubuhi nitapanda kulitafuta.