Mpaka Uliofichwa hadi Sherehe Zilipokwisha

Kila ifikapo Agosti 15 India huadhimisha uhuru wake wa mwaka 1947, nayo Pakistan huitangulia kwa siku moja; lakini tarehe niionayo mimi kuwa nzito kuliko hizo mbili ni Agosti 17, ambapo raia wa Punjab na Bengal, bendera zikiwa zimekwisha kupandishwa, ndipo walipotangaziwa mpaka kati ya nchi hizo mbili unapita wapi. Aliyeuchora ni Sir Cyril Radcliffe, mwanasheria wa Kiingereza ambaye hakuwahi kuikanyaga India kabla ya Julai mwaka huohuo, naye, kwa muhula wa majuma matano tu, huku ramani na daftari za hesabu ya watu zimetandazwa mbele yake, aliikata mikoa miwili ambamo Waislamu, Wahindu na Masingasinga walikuwa majirani karne kwa karne. Lahore ikawa Pakistan. Amritsar, mwendo wa kilomita 50 hivi, ikabaki India.

Watu zaidi ya milioni 10 walihama kuvuka mpaka huo kwa treni, kwa mikokoteni ya ng'ombe na kwa miguu, na waliouawa wakahesabiwa kwa malaki. Gandhi, kiongozi wa harakati za uhuru wa India, siku ya uhuru hakuwapo Delhi penye shangwe, bali alikuwa Calcutta, akifunga na kuomba.

Dhima ya maafa haya Waingereza, waliokuwa wakiitawala India, hawawezi kuiepa: waliahidi kuondoka ifikapo Juni 1948, wakaharakisha kwa miezi kumi, na mpaka uliokuwa tayari wakauficha makusudi hadi sherehe zilipokwisha.