Insha Inapopata Msomaji

Katika shule nyingi za Kenya na Tanzania, insha ina msomaji mmoja tu, naye ni mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Mwanafunzi huandika kuhusu siku asiyoweza kuisahau, mwalimu hupigia mstari makosa na kutoa alama, kisha daftari hurudi mkobani. Hakuna aliyecheka wala aliyeuliza ikawaje baadaye. Uandishi unakwama hapo hapo, na yuko mwalimu aliyeliona hilo takriban miaka 100 iliyopita.

Célestin Freinet alirudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza akiwa na jeraha la pafu. Mwaka 1920 alianza kufundisha Bar-sur-Loup, kijiji cha milimani kusini mwa Ufaransa, na kusema kutwa nzima kulimchosha. Miaka michache baadaye akaingiza darasani mashine ndogo ya kupiga chapa. Watoto waliandika mambo waliyoyaona wenyewe, wakasomeana, wakapigia kura andiko la kuchapishwa, kisha darasa zima likalirekebisha kwa pamoja. Waliopanga herufi za risasi, moja baada ya moja, walikuwa watoto wenyewe. Herufi ikikosewa, kosa lilitokea katika kila nakala. Tahajia haikuhitaji fimbo.

Kurasa hizo zilisafiri. Zilifika Trégunc, pwani ya Brittany, kwa mwalimu René Daniel, na wanafunzi wake nao wakatuma zao. Hapa ndipo penye siri yote, msikilizaji. Mwalimu wa kijijini anapoandikiwa "tulienda sokoni", anaelewa, maana soko analijua. Mtoto wa pwani haelewi mpaka aelezwe soko liko wapi, kunauzwa nini, nani anapiga kelele na kwa sababu gani. Maelezo marefu ambayo walimu huyaomba kila muhula huja yenyewe pale msomaji anapokuwa na kiu ya kujua.

Intaneti ilifupisha safari hiyo. Mwaka 2012, msichana wa miaka 9 wa Lochgilphead, Scotland, alifungua blogu iliyoitwa NeverSeconds, mwanzoni kama zoezi la kuandika. Alipiga picha chakula chake cha mchana shuleni, akakieleza na kukipa alama. Watoto wa nchi nyingine wakamtumia picha za vyakula vyao. Mwezi Juni halmashauri ya eneo hilo ilimkataza kupiga picha. Wasomaji walilalamika kwa wingi, na katazo likaondolewa siku iliyofuata. Wasomaji hao pia walilichangia shirika la misaada la Mary's Meals zaidi ya pauni 100,000, na sehemu ya fedha hizo ikajenga jiko la shule nchini Malawi. Sentensi za msichana huyo zilikuwa fupi na za kitoto, lakini zilikuwa zake.

Je, shule isiyo na kompyuta ifanyeje? Freinet hakuwa nayo. Gazeti la ukutani linahitaji karatasi na gundi tu. Simu moja ya mwalimu inatosha kupeleka maandishi ya darasa la Pemba kwa darasa la Njombe. Mtoto wa Pemba ataeleza jinsi karafuu zinavyochumwa na kuanikwa, na mwenzake wa Njombe, aliyezoea viazi na baridi, atauliza zikinyeshewa inakuwaje. Swali hilo lina faida kuliko alama 7 kwa 10.

Tahadhari zipo. Mwalimu asome kila andiko kabla halijatoka, majina kamili na mahali anapokaa mtoto visitajwe, na mzazi aombwe ridhaa. Kazi itaongezeka, hasa kwa mwenye wanafunzi 70 darasani, hivyo kuanza na insha moja kwa muhula kunatosha. Alama zitolewe baada ya maswali ya wasomaji kufika na mwandishi kupewa nafasi ya kuandika upya, ili mwalimu alinganishe rasimu ya kwanza na ya pili.