Haki ya Wazee Si Sadaka
(Hotuba tuliyoitoa Malolo, Kilosa)



Wazee waliolima vitunguu katika mashamba yetu leo wanaona haya kuomba matibabu. Twasema: haki si sadaka. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yamhesabu mzee kuwa mwenye miaka 60 au zaidi, na yataka asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Wengi hawajaambiwa.

Basi vijana, twende nyumba kwa nyumba. Mzee hana cheti cha kuzaliwa? Tumwulize kama alikwisha zaliwa Uhuru ulipopatikana mwaka 1961. Akiwa ndiyo, umri ameutimiza. Tuandike jina lake, tumsindikize kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, wala tusiondoke mpaka ajibiwe.