Sufuria Moja, Watoto Watatu

Leo tutazungumza juu ya msaada wa watoto katika Uingereza.

Serikali ya huko huzisaidia kwa fedha familia zenye pato dogo. Lakini tangu tarehe 6 Aprili 2017 sheria iliweka mpaka: fungu la watoto wawili tu. Mtoto wa tatu aliyezaliwa tangu siku hiyo hakuhesabiwa, isipokuwa kwa sababu chache, kama kuzaliwa mapacha. Familia ilikosa pauni 3,000 hivi kwa mwaka.

Serikali ilisema: mzazi apewaye msaada apime mfuko wake kabla ya kuzaa, kama apimavyo mzazi ajitegemeaye.

Neno hilo lina maana. Lakini mzazi aweza kuugua, au kupoteza kazi, baada ya watoto kuzaliwa. Tena nyingi ya familia hizo zilikuwa na mzazi afanyaye kazi. Wala mtoto hachagui kuzaliwa wa tatu. Na sufuria ni moja: chakula kikipungua, hupungukiwa wote.

Novemba 2025 serikali ilitangaza kuiondoa sheria hiyo kuanzia Aprili 2026.

Sasa jadilianeni darasani: mzazi akikosea hesabu, je, ni haki mtoto alale na njaa?