Wanafunzi wa Chuo Kikuu: Makao Yao na Utumishi Wao

Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na Wakristo wa mitaa katika siku za Jubilei



Katika siku hizi za furaha wengine wamekwisha kutusimulia habari za makanisa yaliyojengwa, na hospitali, na waalimu wa zamani waliolala katika Bwana. Sisi tumepewa kusema juu ya wanafunzi wa Chuo Kikuu: wakaa wapi, waishi namna gani, na elimu yao yamfaa nani. Labda mtu atauliza moyoni, Neno hili lina nini na sisi watu wa shamba? Twajibu kwamba mitaa isiyo na kijana wake katika vyuo sasa ni michache. Na tena, misioni yetu yenyewe ilizaliwa ndani ya Chuo Kikuu.

Kwa maana tarehe 4 Desemba 1857 Dr. Livingstone alisimama katika mji wa Cambridge, mbele ya wakuu wa chuo na wanafunzi wao, akawasihi wasiisahau Afrika. Walioitika kwanza walikuwa watu wa Oxford na Cambridge, kisha wakaungana nao watu wa Durham na Dublin. Ndiyo sababu misioni ikaitwa Misioni ya Vyuo Vikuu. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikuwa mwalimu huko Cambridge. Aliwekwa wakfu siku ya kwanza ya mwaka 1861, na mwezi wa Januari 1862 alikwisha kufa kwa homa katika nchi ya mto Shire. Hata mwaka 1876 Askofu Steere akatoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, akaja nao mpaka Masasi, wakajenga huko. Watu hawa wenye elimu wangaliweza kutuma fedha na barua, wakabaki kwao. Walakini walikuja wakakaa. Neno hili la kukaa ndilo tunalotaka mlishike katika yote tutakayosema.

Sasa na tutazame chuo chenyewe ni kitu gani. Watu wengi hudhani ya kuwa Chuo Kikuu ni vitabu na mitihani tu. Lakini katika desturi ya Oxford na Cambridge tangu zamani chuo ni nyumba kwanza. Wanafunzi walala humo, wala katika ukumbi mmoja, wasali katika kanisa moja, na mwalimu akaa karibu nao. Nyumba yenyewe yafundisha: kijana ajifunza kunyamaza mwenziwe alalapo, na kungoja zamu yake, na kumwuguza aliye mgonjwa. Mambo haya hayamo katika mtihani wo wote, lakini mtu asiyeyajua elimu yake ni mzigo kwa wengine.

Hata hivyo nyumba ile ilikuwa na ukuta, na nje ya ukuta walikuwapo maskini. Katika mji wa London, upande wa mashariki, palikuwa na mtaa uitwao Whitechapel, wenye watu wengi mno na ufukara mwingi. Padre wa mtaa huo, Samuel Barnett, pamoja na mkewe Henrietta, waliona ya kuwa wenye elimu huja kutoa sadaka, kisha huenda zao kabla ya usiku. Wakasema, Afadhali waje walale hapa. Mwaka 1884 wakafungua nyumba iliyoitwa Toynbee Hall, kwa ukumbusho wa Arnold Toynbee, mwalimu wa Oxford aliyekufa mwaka uliotangulia, naye alikuwa na miaka 30 tu. Vijana waliotoka Oxford na Cambridge wakapanga humo. Mchana walikwenda katika kazi zao, jioni walifundisha watu wa mtaa, na tangu mwaka 1898 wanasheria walikaa humo kuwashauri maskini pasipo malipo.

Matunda ya nyumba ile yalikwenda mbali. Jane Addams, mwanamke wa Marekani, aliizuru, naye mwaka 1889 akafungua pamoja na mwenziwe nyumba ya namna hiyo katika mji wa Chicago, iliyoitwa Hull House. Na William Beveridge, aliyekuwa mmoja wa wasimamizi wa Toynbee Hall tangu 1903 mpaka 1905, ndiye aliyeandika mwaka 1942 taarifa kubwa iliyoongoza Uingereza katika kuwatunza wagonjwa, wazee, na wasio na kazi. Mtu aliyepata kukaa jirani na njaa haandiki juu ya njaa kama aliyeisikia kwa mbali.

Walakini tusidhani kwamba mfano huu ni wa Wazungu peke yao. Sisi tunaye Padre Cecil Majaliwa. Alikuwa mtoto aliyekombolewa utumwani, akalelewa katika bweni la Kiungani, Unguja, akapelekwa mpaka Canterbury kusoma katika chuo cha Mtakatifu Augustino. Aliporudi angaliweza kutamani kukaa mjini, penye vitabu na wasomi wenziwe. Akaenda Chitangali, katika nchi hii ya kusini, akakaa huko zaidi ya miaka kumi akiwafundisha watu na kujenga Kanisa. Na mwaka 1890 akapewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika misioni yetu. Elimu yake ilionekana kwa watu kwa kuwa nyumba yake ilikuwa kati yao.

Tuje sasa katika siku za karibu. Zamani kijana wa Tanganyika aliyetaka elimu ya juu alikwenda Makerere, katika Uganda, chuo kilichoanza mwaka 1922 kwa wanafunzi 14. Huko alisoma Mwalimu Nyerere tangu 1943 mpaka 1945. Mwaka 1961 chuo cha Dar es Salaam kikafunguliwa katika jumba la chama cha TANU, mtaa wa Lumumba, kwa wanafunzi wa sheria wasiofika 15. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, ndiyo maana mpaka leo chaitwa Mlimani. Na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu chenye kujitegemea. Mabweni yake yalikuwa mazuri kupita nyumba nyingi za nchi yetu, na serikali ililipa chakula na malazi.

Ndipo likaja lile jambo la Oktoba 1966. Serikali iliamuru ya kwamba wamalizao chuo watumike miaka miwili katika Jeshi la Kujenga Taifa, kwanza kambini, kisha katika kazi zao kwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi wakakataa, wakaandamana mpaka Ikulu. Mwalimu Nyerere akawasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu 400. Na siku ile ile akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walirudishwa chuoni mwaka uliofuata. Hatusimami hapa kuwahukumu, kwa kuwa wengi wa vijana wale walikuja kuitumikia nchi kwa uaminifu. Twataka mwone tu swali lililokuwa kati yao na Rais, maana ndilo letu leo: aliyesomeshwa ni wa nani?

Siku hizi mambo yamegeuka. Vyuo ni vingi. Kanisa letu Anglikana lilifungua mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana katika Dodoma, katika majumba ya shule ya Mazengo. Wanafunzi wamezidi sana, mabweni hayakuzidi kwa kadiri hiyo. Mwaka 2017 yalifunguliwa pale Mlimani mabweni mapya ya wanafunzi 3,840, nasi twashukuru; lakini bado wengi hupanga vyumba mitaani. Tena tangu mwaka 2005 mwanafunzi mhitaji huomba mkopo katika Bodi ya Mikopo, naye huulipa akiisha kupata kazi. Katika mkopo huo zimo fedha za chakula na malazi, ambazo wanafunzi wenyewe huziita "bumu".

Basi fikirini binti wa mtaa wenu aliyefika mjini kwa basi, na sanduku lake, na fedha za juma mbili. Bweni limejaa. Bumu halijatoka. Mwenye nyumba ataka kodi ya miezi sita kwa mara moja. Hapo hutokea mtu wa kumwambia, Usihofu, mimi nitakulipia chumba. Na mtu huyo hatoi bure. Wazazi humwombea mtoto afaulu mtihani, lakini mtihani wa kwanza humkuta kabla hajaingia darasani, nao ni huu wa mahali pa kulala. Wengine wamevunjika hapo, wakarudi nyumbani na aibu isiyokuwa yao.

Walakini katika dhiki hiyo hiyo wanafunzi wamezaa desturi njema, nao huiita "kubebana". Aliyepata kitanda bwenini humkaribisha asiyepata, wakalala wawili katika godoro la mmoja. Wakuu wa vyuo hawaipendi desturi hii, na sababu yao ni ya haki, maana maji na vyoo havitoshi. Lakini sisi tuliofundishwa na Mtume kuchukuliana mizigo twaona kwamba wanafunzi hawa wameelewa somo pasipo kuhubiriwa. Mtoto wa Kigoma abebwa na mtoto wa Newala. Mwislamu humpisha Mkristo asali, na Mkristo humwamsha mwenziwe kwa daku. Huo ndio utumishi ulioanza pale uanziapo, yaani chumbani.

Kuhusu utumishi wa nje, yaani kazi za kuwafaa watu, twapenda kusema wazi. Siku hizi wanafunzi hufika kijijini kwa gari, wamevaa fulana za rangi moja, hufagia soko, hupiga picha, huondoka kabla ya saa tisa. Hatulaumu kufagia soko. Lakini soko huwa chafu tena kesho, na waliofagia hawapo. Utumishi udumuo ni ule wa jirani: mwanafunzi aliyepanga chumba awafundishe hesabu watoto wa nyumba ile jioni mbili kila juma, asome na bibi mwenye nyumba karatasi asizozielewa, wa uganga amweleze mama jinsi ya kumwangalia mtoto mwenye homa, na lini kumkimbiza hospitali. Kazi hizi hazina sherehe, lakini mtaa mzima huzikumbuka.

Basi tufanye nini? Tuna maneno manne kwa mitaa, na moja kwa wanafunzi.

La kwanza, walimu mzitunze daftari za ubatizo. Msistaajabu tukianza hapo. Kijana aombaye mkopo hutakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA; na mtu ambaye hakuandikishwa alipozaliwa, cheti cha ubatizo chaweza kumsaidia kuthibitisha siku yake. Daftari iliyoliwa na mchwa yaweza kumfungia mtoto mlango wa Chuo Kikuu. Tena msingoje kidato cha sita. Watoto waandikishwe wangali wadogo.

La pili, kijana asiondoke bila barua ya Padre wake, na mtu wa kumpokea ajulikane kabla ya safari. Iandikwe kwa Kanisa lililo karibu na chuo, ikitaja jina lake na kipawa chake: huyu huimba, huyu amefundisha Shule ya Jumapili. Mgeni apewaye kazi Jumapili ya kwanza hapotei.

La tatu ni kwa Wakristo wa mijini wenye vyumba vya kupangisha. Chukueni kodi yenu, ni haki yenu. Lakini mpokeeni mwanafunzi kwa kodi ya mwezi mmoja mmoja, mkamhesabu kuwa mtoto wa nyumbani. Wazee walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mkimpa binti wa watu kufuli nzuri na mama wa kumwuliza amerudi saa ngapi, mmefanya kazi ya misioni.

La nne, arudipo likizo msimpe kiti cha mbele tu, mkamsikiliza akisema Kiingereza. Mpeni kazi. Akae barazani pa Kanisa siku tatu, awasaidie wamalizao kidato cha sita kujaza maombi ya mkopo, maana yeye amekwisha kuipita njia hiyo na ajua pale watu wanapokwama, kwa sahihi ya serikali ya mtaa na muhuri wa mwanasheria. Neno dogo lililosahauliwa katika karatasi hizo laweza kumgharimu mtoto mwaka mzima.

Na ninyi wanafunzi, neno letu ni moja. Karo yenu ilitoka katika korosho za baba, na maandazi ya mama, na kodi ya watu wasiowajua ninyi, ambao watoto wao hawakufika darasa la saba. Hatuwaambii mrudi wote kijijini kulima. Wako watakaotumikia mjini, na wengine ng'ambo. Lakini po pote mtakapolala, ulizeni ni nani alalaye nyuma ya ukuta wenu, na ana haja gani. Wale wa Whitechapel waliuliza hivyo. Padre Majaliwa aliuliza hivyo Chitangali. Nanyi mkiuliza hivyo mtajua elimu yenu ni ya nani, wala hamtahitaji kuamriwa na serikali.

Mwenyezi Mungu, aliyewaita wasomi wa zamani waache vyuo vyao waje wakae nasi, awalinde wanafunzi wetu walalapo na waamkapo, aifungue milango ya nyumba zetu kwa ajili yao, na kuifungua mikono yao kwa ajili ya maskini; kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.